Uungwana, ustaarabu, utu: maneno tunayohukumiana nayo yalitoka wapi, na nani aliyapa mamlaka?

Mkia wa Pweza (mleta mada)

Wakuu habari za usiku.

Kuna kitu kinanisumbua wiki ya pili sasa, umeme umerudi nimeona bora nikimwage hapa kabla bando halijakata. Ni ndefu, asiyependa kusoma apite kimyakimya, hakuna ugomvi.

Binti yangu wa darasa la sita alirudi na kazi ya nyumbani, andika kinyume cha maneno yafuatayo, mojawapo "muungwana". Yeye kaandika "mkorofi". Mwalimu kampa vema. Mimi nikabaki nimeshika daftari kama mtu aliyesomewa barua ya msiba, maana mimi najua kinyume chake na sikujifunza shuleni.

Mimi mtu wa Pangani, ng'ambo hii ya mjini sio Bweni. Nikiwa mdogo shangazi yangu wa mwisho alichumbiwa na fundi mashua mmoja, kijana ambaye mtaa mzima ulikuwa unamtolea mfano, swala tano, hakopi ovyo, hatukani, akikutana na mzee njiani anashuka kwenye baiskeli ndo asalimie. Posa ikaletwa, wazee wakakaa, posa ikarudi. Mbele za watu walisema binti bado mdogo (ana miaka 24, kwa enzi zile huyo si mdogo hata kidogo) ila ndani nilisikia mwenyewe, nilikuwa nimejilaza mkekani najifanya nimelala, mzee mmoja akasema "kijana ana adabu zake, lakini si muungwana", wengine wakaitikia mmh, na ikaisha hivyo.

Sikuelewa. Kama ana adabu anakosaje kuwa muungwana? Nilipokuwa mkubwa ndo nikaambiwa kwa kunong'onezwa kwamba babu wa baba yake aliletwa kulima mashamba ya miwa bondeni huko, enzi za utumwa. Kinyume cha muungwana wakuu ni MTUMWA. Muungwana ni mtu huru, mwenye ukoo wa mjini, asiye na bwana. Adabu ilikuja kubandikwa juu baadaye kwa sababu waliokuwa wanalipanga neno ni haohao wenye watumwa, na nani atajisifia kwamba hana adabu? Yani leo ukimwambia mtu "fanya uungwana bwana" unamwambia, bila mwenyewe kujua, ishi kama mtu ambaye hajawahi kumilikiwa.

Nikaanza kuyachokonoa mengine. Ustaarabu mnajua wenyewe, limetoka kwenye kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kuwa kama Mwarabu. Neno la zamani la pwani lilikuwa uungwana, ustaarabu likaja kulisukuma pembeni karne ya 19 Seyyid Said, sultani wa Oman, alipohamishia makao yake Unguja, kwa hiyo hata kipimo cha ubora kilihama pamoja na ikulu. Ushenzi nao, mshenzi alikuwa mtu wa bara tu, asiye wa pwani na asiye wa dini, leo ni tusi la tabia. Na mtumwa ni yule anayetumwa, shina ni lilelile la mtume, mmoja tunamswalia na mwingine tulimuuza (hilo halihusiani sana na mada ila limeniganda kichwani).

Kuna Mjerumani mmoja, Nietzsche, mwaka 1887 alitoa kitabu akisema kitu hichohicho kuhusu maneno ya Ulaya. Kwamba "mwema" hapo mwanzo walijiita mabwana wenyewe, na neno la Kijerumani la "mbaya" lilikuwa linamaanisha mtu wa kawaida tu, mtu duni. Watu wanamsoma huko vyuoni wanaona ni mambo ya Wazungu, kumbe sisi ushahidi tunautamka kila siku sokoni.

Sasa swali langu. Kama mizani ilitengenezwa na muuzaji, mnunuzi anajuaje kilo ni kilo?

Maana waliouza watu pale Mkunazini, soko la watumwa la Unguja, hawakuwa mashetani. Wengi walikuwa watu wa ibada, wanalipa madeni, mgeni akifika anakula kwanza yeye, wanaacha wasia mtumwa fulani aachwe huru kwa ajili ya thawabu. Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa watumwa na pembe, alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili na ukisoma husikii mtu anayejitetea, unasikia mfanyabiashara anayeeleza safari zake. Dhamiri ilikuwa safi kabisa! Na dhamiri yangu mimi leo ni safi vilevile, nalala usingizi, wakati dada wa kazi kalala jikoni kwenye godoro la nchi tatu na mshahara wake tumeupanga mimi na mke wangu bila kumuuliza. Miaka 100 ijayo kuna mjukuu wangu atasoma hili na kunishangaa. Yeye atakuwa sahihi na mimi nimekosea, au yeye atakuwa na maneno mapya tu?

Sijauliza kama Mungu yupo au hayupo, nawajua, mtanipeleka huko. Nauliza hivi: tunaposema "hili ni baya", kuna kitu chini tunachokanyaga au tunatembea juu ya mazoea?

---

Mtoto wa Mchikichini

Nimekaa palee na karanga zangu.

---

Ustadh Baraza

Assalam alaykum, mleta mada umeandika vizuri ila unasumbuka na kisichosumbua. Hili swali lina zaidi ya miaka elfu moja kwetu. Wanazuoni wa elimu ya itikadi waliligombania, je vitendo vina uzuri na ubaya ndani yake au vinaupata kwa amri? Muutazila wakasema akili peke yake inaweza kujua kwamba dhulma ni mbaya hata kabla ya wahyi (ufunuo) kushuka. Maashari wakasema hapana, kizuri ni alichokiamrisha Mola na kibaya ni alichokikataza, akili haina kura. Wafuasi wa Maturidi wapo katikati, akili inaona kitu lakini wajibu unakuja na wahyi. Sisi Mashafii wa pwani tumekulia kwa Maashari. Kwa hiyo jibu lako ni kwamba chini unachokanyaga ni amri, na amri haitegemei mzee gani wa Pangani alisema nini juu ya mkeka. Wale wazee walikosea kwa kipimo cha dini yenyewe, maana ubora ni kwa uchamungu sio kwa nasaba, na fundi wako alikuwa na hoja mbele ya kadhi yoyote muadilifu.

---

Jongoo Mweusi

Ustadh nakuheshimu ila hapo umefunga mlango ukasahau dirisha. Socrates, yule mwanafalsafa Mgiriki, aliuliza hili mwaka 399 kabla ya Kristo akiwa anasubiri kesi yake, kitu ni kitakatifu kwa sababu miungu inakipenda, au inakipenda kwa sababu ni kitakatifu? Ukichukua la kwanza basi ingeamrishwa kinyume chake ungefanya na kuita wema. Ukichukua la pili basi kuna kipimo kimekaa nje ya amri, na mleta mada anauliza hicho ni nini.

Halafu "wazee walikosea kwa kipimo cha dini", sawa, lakini wazee hao hao walikuwa na fikihi, sheria za dini, mkononi! Mambo ya kufanana hadhi kwenye ndoa, huru na mtumwa, yameandikwa humo, hawakuyaota. Na msione namsakama ustadh tu, wakristo nao wasichekelee, Waingereza walipofuta utumwa kwenye makoloni yao sheria ya 1833 ilitenga pauni milioni 20 za fidia na zililipwa kwa WENYE watumwa. Unguja hivyohivyo 1897, mtumwa anatakiwa aende mwenyewe kuomba uhuru wake, aoneshe ana pa kuishi na kazi ya kufanya, bwana ndo analipwa. Masuria wakaachwa nje ya sheria ile mpaka 1909. Wote hao walikuwa na Biblia mezani.

---

Ustadh Baraza

Nimeyasoma. La ndoa na kufanana hadhi ni kweli limo, sikatai, na wapo waliolipinga humohumo ndani. Ila Jongoo swali lako la Socrates kwa Maashari halina makali unayodhani, wao wanalimeza zima, wanasema ndiyo, ingeamrishwa kinyume ingekuwa kinyume. Wewe unaogopa hilo jibu kwa sababu una kipimo kingine moyoni. Kilete basi tukione.

---

Jongoo Mweusi

Sina. Ndo maana nipo kwenye huu uzi.

---

Fundi Redio

Mnazunguka mbuyu bure. Maadili ni mwili, kama njaa. Kuna jaribio lilichapishwa 2003, nyani wadogo wale wa Amerika Kusini wanaoitwa kapuchini, mmoja akipewa tango kwa kazi yake anakula vizuri tu, akiona mwenzie kwa kazi ileile kapewa zabibu anagoma, wengine wanalitupa tango lenyewe. Nyani huyo hajasoma fikihi wala Socrates na anajua kupunjwa. Popo wanyonya damu nao wanatapikiana chakula, mwenye njaa leo analishwa na kesho anakumbuka. Kundi lililosaidiana lilibaki, kundi la wabinafsi lilikufa, sisi ni wajukuu wa waliobaki. Swali limekwisha, tukalale.

---

Mkia wa Pweza

Fundi usilale kwanza. Darwin mwenyewe, wa kwenu, aliandika 1871 kwamba lau binadamu tungelelewa kama nyuki basi wanawake wasioolewa wangeona ni wajibu mtakatifu kuwaua kaka zao, na mama wangejitahidi kuua binti zao wenye uwezo wa kuzaa, na hakuna ambaye angewaza kuingilia kati. Kwa hiyo mwili unakupa HISIA ya wajibu, haukuambii kama wajibu wenyewe ni wa kweli. Ni kama honi, inalia, lakini kulia kwake hakuoneshi kuna mtu barabarani.

Na huo mwili unaousifia ndio huohuo ulioandaa misafara. Waliokuwa kwenye jahazi walisaidiana sana wao kwa wao, waligawana maji, walizikana. Waliofungwa kule chini ya sitaha ndo hawakuwemo kwenye kundi. Nyani wako anagoma akipunjwa YEYE. Nioneshe anayetupa zabibu kwa sababu mwenzie kapewa tango, tutaongea.

---

Mama Tausi

Jamani kaka zangu mnaongea utadhani mtu anafanya wema baada ya kupiga hesabu. Mtoto wa jirani akianguka kisimani utakaa uulize msingi uko wapi? Utaruka. Hayo mengine ni starehe ya walioshiba.

---

Jongoo Mweusi

Dada Mama Tausi nitaruka ndiyo. Na mtoto wa mtumwa akianguka kisimani mwaka 1850, wangapi waliruka kwa ajili ya mtoto na wangapi kwa ajili ya mali ya bwana? Wote wameruka, ukiwa pembeni huoni tofauti.

---

Mama Tausi

Mtoto katoka lakini.

---

Ndugu wa Kindu

Salamu ndugu zangu, mimi ni wa Maniema, Kongo, niko kimya siku nyingi nasoma tu ila leo mumetaja jambo la kwetu.

Kiswahili cha kwetu huku zamani kiliitwa Kingwana. Na Waislamu wa Kindu, wa Kasongo, waliitwa wangwana. Ni neno lilelile la mleta mada, muungwana. Lilikuja na misafara ya Tippu Tip, huyo mwaka 1887 mfalme Leopold wa Ubelgiji alimfanya liwali wa Stanley Falls, kwa hiyo mwaka uleule Mjerumani wenu anaandika juu ya mabwana, huku bwana mwenyewe anapewa cheo na Mzungu. Sasa sikilizeni. Wale waliokuja na misafara wakijiita waungwana, wengi kule pwani hawakuwa waungwana hata kidogo! Walikuwa watumwa, mpagazi anakodishwa na sehemu ya ujira wake inamsubiri bwana Unguja. Lakini akivuka ziwa Tanganyika, akiwa na kanzu, na bunduki, na Kiswahili, na anajua kuswali, nani wa kumwambia yeye si muungwana? Akajiita hivyo. Na wale babu zetu waliokamatwa na hao hao, miaka ikapita, wakavaa kanzu, wakaswali, nao wakawa wangwana. Mimi jina hilo ninalo, na babu yangu mzaa mama alikuwa mtoto wa aliyekamatwa.

Kwa hiyo mimi nauliza mleta mada, unasema neno ni la bwana. Lakini kila aliyenyimwa alilichukua akatembea nalo. Mbona hakulitupa?

---

Mkia wa Pweza

Duh. Ndugu wa Kindu hii sikuijua kabisa, nimeisoma mara tatu.

---

Kobe Hana Haraka

Huyu wa Kindu kashika pale ambapo Nietzsche anateleza. Yule alisema watumwa walipochoka walipindua meza, wakageuza unyonge wao kuwa wema, wakauita ubwana uovu, na hayo ndo maadili ya huruma tuliyonayo. Inawezekana huko kwao. Kwetu pwani ukiangalia, aliyekuwa chini hakuanzisha maadili mengine kinyumenyume. Alidai yaleyale. Nami nataka kuvaa kanzu, nami nataka kualika watu kwenye karamu, nami nataka kuzikwa na watu wakasoma hitima. Hakusema uungwana ni uongo, alisema nami nimo.

Halafu mleta mada una kosa moja dogo ambalo limebeba uzi mzima. Asili ya neno sio asili ya jambo. Elimu ya nyota ilianza na watu waliokuwa wanapiga ramli, kupatwa kwa jua bado kunatokea saa iliyotabiriwa. Mizani ikitengenezwa na muuzaji bado unaweza kuibeba ukaipima na jiwe lingine.

---

Jongoo Mweusi

Hilo jiwe lingine ndo hatujalipata mzee Kobe. Nyota zina kupatwa kwa jua, kila mtu akitoka nje anaona, Mhindi, Mnyamwezi, Mjerumani. Maadili yana nini cha kutoka nje ukaona? Kuna Mwaustralia mmoja anaitwa Mackie, alifundisha Oxford, 1977 alisema kama ubaya ungekuwa kitu kipo huko nje basi kingekuwa kitu cha ajabu kuliko vyote, kitu ambacho ukikiona tu kinakuamuru. Wapi umeona kitu cha namna hiyo? Jiwe halikuamuru, mto haukuamuru. Watu ndo wanaamuru, na watu wana maslahi.

---

Mstaafu wa Kurasini

Vijana hongereni kwa mjadala usio na matusi, siku hizi ni nadra.

Sisi tulikaririshwa ahadi za mwana-TANU, ya kwanza kabisa "Binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja". Nimeisema mara ngapi sijui, jua kali, miguu pekupeku. Na Azimio la Arusha la 1967 ukilifungua linaanza na imani ya TANU, kwamba TANU inaamini binadamu wote ni sawa na kila mtu anastahili heshima. Sasa tazameni neno lililotumika. INAAMINI. Mwalimu alikuwa mtu msomi, angetaka angejaribu kuandika "imethibitika". Hakuandika. Wamarekani mwaka 1776 waliandika kwamba jambo hilohilo liko wazi lenyewe halihitaji kuthibitishwa, na aliyeshika kalamu, Jefferson, alikuwa na watumwa shambani kwake, hapo sijui uwazi ulikuwa wa nani. Mimi naona wetu alikuwa mkweli zaidi. Alisema tunaanzia hapa, asiyetaka kuanzia hapa si wetu.

Nimezeeka na sijaona msingi mwingine zaidi ya huo, watu wamekaa wakasema tunaanzia hapa. Unaogopesha ndiyo, kwa sababu watu wanaweza wakakaa tena wakaanzia pengine.

---

Fundi Redio

Mzee wetu shikamoo, hilo la mwisho limenitoa usingizi.

---

Mkia wa Pweza

Shikamoo mzee. Nakubaliana na wewe nusu. Ila mimi nilikuwa na kimbilio langu sijalitaja, nilikuwa nalitunza kwa ajili ya mwisho, naona nilitoe tu. UTU. Uungwana umechafuka, ustaarabu umechafuka, maadili yenyewe ni ya Kiarabu, dhambi ya Kiarabu, haki ya Kiarabu, aibu, haya, dhamiri, heshima, zote. Lakini utu ni neno letu la Kibantu na halina cheo ndani yake. Mtu ni mtu. Hakuna ukoo, hakuna bahari, hakuna bara. Kama kuna neno moja ambalo bwana hakulishika ni hilo. Nilitaka kusema msingi ni pale.

---

Bi Kaniki

Kaka pole, naja kukunyang'anya na hilo.

Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, wazazi wake watu wa chini wa shamba, akawa anauza vyungu, akaja mjini akawa mwimbaji ambaye mwaka 1928 walimpeleka mpaka Bombay kurekodi. Mahasidi wa mjini walimtungia kijembe, wengi mnakijua. Hawakumuuliza kawa muungwana lini. Walimuuliza kawa MTU lini, na kaniki wakazitaja humohumo. Kwa wasiojua, kaniki ilikuwa nguo ya watumwa na maskini, nyeusi haina urembo, utumwa ulipofutwa wanawake wakazivua wakakimbilia kanga za maua, na wengine wakatafuta buibui. Ndo maana nimejiita hivi humu.

Kwa hiyo hata mtu kilikuwa cheo kaka yangu. Na bado mpaka leo, "fulani siku hizi kawa mtu", "nawe jifanye mtu", "hao si watu hao", hujasikia? Kila mtaa unayasema. Utu hauko chini ya vyeo vyote, nao ni ngazi mojawapo, tena ya kwanza kabisa, ukiikosa hiyo huna pa kupandia.

Siti alijibu. Sitaki kuweka wimbo hapa ila jibu lake lilikuwa kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa jadi si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Angalieni alichofanya. Hakusema "msiwapime watu". Alisema mnapima na jiwe sio, chukueni hili. Na wao hawakuwa na la kumjibu, sio kwamba walishindwa nguvu, yeye hakuwa na nguvu yoyote ya kuwatisha nayo, ni kwamba walikuwa wanajua. Sasa Jongoo, wewe unaetafuta kitu cha kutoka nje ukakiona, mimi nakuuliza wale mahasidi walijua nini?

---

Jongoo Mweusi

Bi Kaniki nimekaa na hili tangu asubuhi kazini sijafanya la maana.

Jibu langu baya ni kwamba hawakujua chochote, walizidiwa kwa mashairi, Unguja ukizidiwa kwa mashairi umekwisha. Na angekuwa amekosa sauti leo tungekumbuka kijembe peke yake. Hilo naliamini kwa kichwa. Ila ukinibana kama nadhani walikuwa na haki ya kumuuliza vile na sisi ndo tumebadilisha fasheni tu, siwezi kusema. Mdomo unakataa. Sijui kama ni Fundi na nyani wake ndani yangu au ni kitu kingine, lakini sitajifanya hakipo ili nishinde uzi.

---

Ustadh Baraza

Hicho kinachokataa ndo Muutazila walikuwa wanakisemea. Sikuongopei, hata mimi usiku huwa nawaza walikuwa na hoja. Mchana narudi kwa Maashari.

---

Kobe Hana Haraka

Hahaha ustadh umejisalimisha kiungwana. Nimetumia neno kwa makusudi.

Ila nina la nyongeza kwa mleta mada kuhusu dada wa jikoni kwako. Umelitaja kama mfano wa falsafa ukapita, watu wote humu wamepita nalo. Tumejadili Tippu Tip, Darwin, Jefferson, nyuki. Godoro limenunuliwa?

---

Mkia wa Pweza

Kobe umenipiga pabaya. Godoro tumeshaliagiza la nchi sita, bado analala jikoni maana vyumba ni viwili, na mshahara tumekaa nae tumeongea. Aliomba Jumapili yake ya mapumziko kwanza, hela ikawa ya pili. Sikutegemea. Mke wangu kaniuliza kwani nimeokoka.

Kuhusu utu, Bi Kaniki, nimekubali. Sina kimbilio tena na nadhani hiyo ndo hali halisi, kila neno nikilifukua chini nakuta mtu anamzuia mwenzie mlangoni. Ila yule aliyezuiwa, wa Kindu na wa Fumba, wote wanabisha hodi kwa neno lilelile, hilo nalo sina maelezo yake. Kama lingekuwa ni mazoea ya mabwana tu, nani angehangaika kuliomba.

Sasa la mwisho halafu nawaachia uzi. Juzi nilimpigia mama Pangani, nikamuuliza moja kwa moja ile posa ya shangazi ilirudishwa kwa nini. Akaanza kunizungusha, bei ya nazi, mvua, kwani kazi umeachishwa mbona unauliza ya zamani. Nikamng'ang'ania. Akasema wazee walikuwa na mambo yao. Nikamuuliza yule fundi yuko wapi siku hizi, akasema yupo, mzee sasa, na wajukuu, hivi unajua alipofariki mjomba wenu kule Bweni pantoni lilikuwa bovu, akatoa mashua yake akavusha maziko mazima kwenda na kurudi, siku nzima, hakuchukua hata senti ya mafuta, yule bwana ni muungwana sana.

Nikamwambia mama, rudia, ni nani?

Akarudia, muungwana sana yule.

Nikamuuliza muungwana kwa maana ipi mama, ya sasa au ya wazee? Kimya. Halafu simu ikakatika, sijajua ni mtandao, ni salio, au ni yeye.

---

Mtoto wa Mchikichini

Karanga zimeisha. Mkuu mrushie mama salio basi aendelee.